Pindo la fulana lisilokatika: sindano pacha na mkono mwembamba wa cherehani

Wadau wa cherehani, leo tuongelee pindo. Mteja akishika fulana mpya hasomi lebo, anaishika pale chini kwenye pindo anavuta kushoto kulia, ikilia "tak" ndo imeshatoka hiyo, anairudisha mezani. Na ni haki yake. Kitambaa kinachovutika ukikipiga mshono wa kawaida wa sindano moja, kitambaa kinavutika uzi hauvutiki, lazima ukatike.

Zile mashine za kiwandani zinazopiga mistari miwili juu na uzi uliosukwa chini bei yake sio ya fundi mwenye kibaraza kimoja hapa Ngamiani, Tanga, na habari njema ni kwamba sio lazima uwe nayo. Ukiwa na cherehani ya umeme ya nyumbani inayopiga zigizaga, ukapata sindano pacha (sindano mbili kwenye shina moja), na ukajua kuutumia ule mkono mwembamba unaobaki ukishachomoa kiboksi cha vifaa, unatoa pindo ambalo mtu hatofautishi na la dukani mpaka ageuze nguo ndani. Mimi naona hivi vitu viwili vinatakiwa vifundishwe pamoja. Sindano pacha haipendi kitambaa kivutwe hata kidogo, na huwezi kuacha kuvuta kama mkono wa fulana umeubana juu ya meza pana, unavuta tu utake usitake. Mkono mwembamba ndo unaoondoa hiyo tabu.

Cherehani yako inakubali?

Zile nyeusi za kukanyaga, Butterfly na wenzake, zimelea familia nyingi sana pwani hii lakini kwa hii kazi haziwezi, usijaribu. Bati lake, kile chuma cha chini ya sindano, lina katundu kadogo ka sindano moja, na uzi unaingia kwenye sindano kwa ubavu, kwahiyo hata ukiilazimisha sindano pacha itakaa moja mbele moja nyuma badala ya kukaa sambamba, na ile ya pili itagonga chuma. Unachotaka ni cherehani ambayo uzi unaingia kwenye sindano kutoka mbele kwenda nyuma, ubapa wa sindano unaangalia nyuma, na bati lina mwanya mrefu wa kwenda kushoto na kulia.

Huo mwanya upime kwa rula kabla hujaenda kununua sindano. Kuna mashine zigizaga yake inaishia milimita 5, nyingi za sasa zinafika 7, chache zinafika 9. Hiyo namba iandike mahali kwasababu tutairudia.

Mkono mwembamba nao uangalie. Mbele ya cherehani kuna kipande kinachochomoka, mara nyingi ndani yake mnawekwa mabobini (vile vigurudumu vya uzi wa chini) na bisbisi, kivute kuelekea kushoto kinatoka, chini yake kunabaki kigogo chembamba chenye nafasi ya hewa chini. Elna ya Uswisi iliyotoka mwaka 1940 ndiyo iliyoupa umaarufu mkono wa namna hii kwenye cherehani za nyumbani, na mpaka leo watu wengi wana cherehani yenye mkono huu na hawajawahi kukichomoa hicho kiboksi tangu siku ya kununua! Chukua futi yako zungushia kwenye huo mkono upate mzunguko wake. Nguo yoyote ambayo mzunguko wa pindo lake ni mdogo kuliko hiyo namba haitaingia, na hiyo ina njia yake ntaieleza huko chini.

Kusoma namba za sindano

Sindano pacha ni sindano mbili zilizoungwa juu kwenye shina moja. Kwenye pakiti kuna namba mbili, mfano 2.5/75 au 4.0/90. Ya kwanza ni umbali kati ya sindano na sindano kwa milimita, ya pili ni unene, ule ule wa 75, 80, 90 unaoujua siku zote.

Kwa fulana nyepesi, hijabu za kitambaa cha jezi na magauni yanayovutika chukua 2.5/75, na hakikisha pakiti imeandikwa "Stretch", maana ncha yake ni ya mviringo kidogo inasukuma nyuzi za kitambaa pembeni badala ya kuzitoboa. Fulana nzito na traksuti 4.0/75 Stretch inapendeza zaidi, mistari inaonekana. Pamba isiyovutika, kitenge na batiki zinakwenda na sindano ya kawaida 2.0/80 au 4.0/90. Jinzi ina yake, 4.0/100, pakiti imeandikwa "Jeans". Zipo pia za 6.0 na 8.0 ila ya 6.0 haipiti kwenye mwanya wa 5, na ya 8.0 kwenye cherehani nyingi haipiti kabisa, usivutiwe na upana tu.

Sasa ile namba ya mwanya. Ukishona mshono ulionyooka, sindano ikiwa katikati, sindano ya 4.0 inapita kwenye bati la milimita 5 bila shida ila nafasi inayobaki ni ndogo. Ukitaka kuipiga mshono wa mapambo au zigizaga unatoa: mwanya 7 toa 4 inabaki 3, na mimi siendi mpaka 3 kamili, naweka upana 2.5 nibaki na usalama. Mashine za kidijitali zingine zina kitufe chenye picha ya sindano mbili, ukikibonyeza inajizuia yenyewe isivuke upana. Kama kipo, kitumie kila mara.

Kuweka sindano na nyuzi

Zima umeme. Toa sindano ya zamani, weka pacha ubapa ukiangalia nyuma, sukuma juu mpaka igote, kaza skrubu kwa bisbisi sio kwa vidole tu, maana shina hili limebeba sindano mbili na likilegea zote mbili zinakwenda. Mguu, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, uwe ule wa zigizaga wenye uwazi mpana. Mguu wa mshono ulionyooka wenye katundu kamoja utoe kabisa uuweke mbali, na bati la tundu dogo pia kama unalo.

Kabla ya uzi, zungusha gurudumu la pembeni kwa mkono kuelekea kwako, polepole, sindano zishuke zipande mzunguko mzima, ukiwa unatazama kama zinagusa mguu au bati. Hili fanya kila unapobadilisha mshono, hata kama una haraka ya nguo za sikukuu.

Nyuzi za juu ni mbili, ya chini ni moja tu, bobini ni ile ile. Cherehani nyingi zina tundu la kuchomeka kijiti cha pili cha uzi na kijiti chenyewe kinakuja kwenye vifaa. Kama huna, jaza bobini ya ziada kwa uzi ule ule uipandishe juu ya kijiti kimoja na kigunguli (kibiringo cha uzi), au weka kigunguli cha pili ndani ya kikombe nyuma ya cherehani. Kigunguli kimoja kiwe kinafunguka kwenda kulia kingine kushoto, nyuzi hazitasokotana njiani. Mwanzoni, kwa kujifunzia tu, weka rangi mbili tofauti, utajua haraka ni uzi upi unaleta fujo.

Pitisha nyuzi moja baada ya nyingine, usizipitishe pamoja. Ukifika kwenye visahani vya tensheni (vinavyokaza uzi) chungulia, mara nyingi kuna kisahani cha katikati: uzi wa kwanza upite kushoto kwake, wa pili kulia. Alafu pale mwisho kabisa, kikulabu kidogo kilichopo juu ya sindano, kiingize uzi wa sindano ya kushoto tu, wa kulia uache nje yake. Kwa mashine nyingi hii inasaidia zisijikunje. Kile kifaa cha kuingiza uzi chenyewe usikitumie hapa, kimetengenezwa kwa sindano moja na kinaweza kupinda, ingiza kwa mkono.

Tensheni, hapa ndo penye kazi

Geuza kitambaa ulichokipiga kwa sindano pacha. Juu mistari miwili iliyonyooka, chini uzi wa bobini unakwenda zigizaga kutoka sindano hii kwenda ile. Hiyo zigizaga ya chini ndo inayolifanya pindo livutike bila kukatika, ina urefu wa ziada. Kwahiyo ukiibana sana hiyo zigizaga umeharibu vitu viwili kwa mpigo, pindo linakatika likivutwa, na kitambaa cha katikati ya mistari kinanyanyuka kama tuta la viazi.

Dawa zake ntazipanga kwa namna ninavyozijaribu, ukipona kwenye ya kwanza usiendelee.

Punguza tensheni ya juu. Kama kawaida unashonea 4, nenda 3, alafu 2 na nusu. Refusha mshono uwe milimita 3, mfupi zaidi ya hapo unajaza uzi kitambaa kinakuwa kigumu. Kama mashine yako ina kidude cha kupunguza mkandamizo wa mguu, punguza, maana mguu ukikandamiza sana unakisukuma kitambaa cha juu mbele na pindo linakuja na mawimbi.

Ikikataa, shuka kwenye bobini. Kwenye kesi ya bobini kuna kaskrubu kadogo, kalegeze robo ya mzunguko tu, na kabla hujakagusa weka alama ya peni pale kalipokuwa kameangalia. Jaribu kwa kushika ncha ya uzi na kuiachia kesi ining'inie: iteremke polepole ukiitikisa kidogo, isidondoke moja kwa moja. Ushauri wangu wa dhati ni ununue kesi ya pili ya bobini ukaitenga kwa kazi ya sindano pacha, ile ya kwanza usiiguse kamwe, hutahangaika tena.

Ikikataa bado, badilisha uzi wa chini. Uzi laini wa nailoni unaovimba, ule wanaoweka kwenye ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa), ujaze kwenye bobini kwa mkono taratibu bila kuuvuta, utaona pindo linavutika vizuri sana. Na kwa kitambaa chepesi kinachotelezateleza, weka karatasi nyembamba nyeupe chini yake ushone vyote pamoja, ukimaliza unaichana taratibu. Usiweke gazeti, wino unabaki kwenye nguo.

Majaribio yote haya fanya kwenye kipande cha kitambaa kile kile, kikiwa kimekunjwa mara mbili kama pindo litakavyokuwa. Kukijaribia kitenge alafu ukapigie jezi ni kupoteza mda.

Sasa tushone: pindo la mkono wa fulana

Tuchukue fulana nyekundu ya mtoto anayetaka kwenda uwanja wa Mkwakwani kuwashangilia Coastal Union, mkono umeshafungwa na ovaloki, limebaki pindo.

Kunja sentimita 2 na nusu kwenda ndani upige pasi. Pasi ni ya kukandamiza, weka nyanyua, weka nyanyua, ukiisukuma kitambaa kinarefuka na pindo litakuja limepanuka. Hamna haja ya kukunja mara mbili, kitambaa cha fulana hakifumuki. Pini weka chache, kichwa kikiangalia nje, na utazitoa kabla hazijafika kwenye mguu.

Chomoa kiboksi. Uvike ule mkono wa fulana kwenye mkono wa cherehani, nje ya nguo ikiwa juu, pindo likielekea kulia kwenye mwili wa cherehani na fulana yote iliyobaki ikining'inia kushoto. Ingiza kidole chini uzunguke nacho uhakikishe ni tabaka la juu tu ndo liko kwenye bati, la chini liko chini ya mkono wa cherehani. Na ile fulana inayoning'inia ipakate, au weka stuli pembeni iishikilie, maana uzito wake unavuta na ukishavuta mistari inapinda.

Tunashona nje ikiwa juu kwasababu mistari miwili iko juu, kwahiyo hukioni kikomo cha pindo kilichopo chini. Namna ya kutolikosa ni hii: ukingo uliokunjwa uwe unatembea kwenye alama ya sentimita 2 kulia kwa sindano, kama bati halina alama bandika kipande cha selotepu. Pindo lina 2 na nusu, mistari inakaa kwenye 2, inabaki kama milimita 3 hadi 4 ndani ambazo utazipunguza kwa mkasi ukimaliza, na sindano zote mbili zimeshika tabaka zote. Ukikosa hapa utageuza ukute mstari mmoja umeshika na mwingine unaelea.

Anzia karibu na mshono wa kwapani, ule wa chini, sio juu begani ambapo kila mtu anaona. Sindano zishushe kwa gurudumu, mikia ya nyuzi ishike kwa nyuma kwa ile mishono ya mwanzo isije ikamezwa, alafu nenda mwendo mmoja wa wastani. Mkono wako wa kushoto kazi yake ni kuizungusha nguo kwenye kigogo, inakuja kutoka chini inapanda kwako inapita chini ya mguu inarudi nyuma. Usiisukume, usiivute, meno ya cherehani yanajua kazi yake. Ukihisi unaanza kukaza vidole simama, inua mguu sindano zikiwa chini, acha kitambaa kilale chenyewe, shusha mguu endelea.

Ukifika kwenye ule mshono wa kwapani pananenepa ghafla, mguu unainama na cherehani inaweza kuruka mishono. Kunja kipande cha kitambaa kiwe na unene unaolingana na huo mshono, kiweke nyuma ya mguu chini yake ili ukae sawa, vuka kwa gurudumu la mkono, kisha kitoe.

Mwishoni pitiliza juu ya mwanzo wako kama sentimita 1 hadi 2, mistari ikipanda juu ya mistari. Usirudishe nyuma, kurudi nyuma na sindano pacha kunaleta donge na mistari hailingani. Toa nguo, vuta nyuzi za juu zitokee ndani, funga fundo na uzi wa chini, kata. Kama una sindano ya mkono izamishe mikia ndani ya pindo, inachukua mda mchache na nguo ya mteja inastahili. Punguza zile milimita zilizobaki, piga pasi ya mvuke bila kusukuma, mawimbi madogo yatatulia yenyewe.

Mguu wa suruali ya traksuti, shingo ya fulana, mdomo wa mfuko wa nguo, pindo la chini la kaptula, yote ni njia hii hii.

Nguo isiyoingia kwenye mkono wa cherehani

Vikono vya mtoto mchanga mara nyingi haviingii. Kama bado hujafunga ubavu, pinda kikono kikiwa wazi alafu ufunge ubavu baadae, ndo rahisi. Kama kimeshafungwa, geuza nguo ndani iwe nje, alafu shonea ndani ya kile kimfuko: mguu wa cherehani unakuwa ndani ya mduara, unaangalia uso mzuri wa nguo, na kitambaa kingine kinakuzunguka kwa juu. Unashona sentimita chache unasimama unapanga, unashona unasimama. Ni polepole ila haubani tabaka la chini na haulazimishi kitu.

Kona, na mapambo kidogo

Usigeuze kona sindano zikiwa zimezama kitambaani, utazipinda au utazivunja. Fika kwenye kona, nyanyua mpaka ncha ziguse tu juu ya kitambaa, inua mguu, geuza nusu, shusha, piga mshono mmoja kwa gurudumu, inua tena geuza nusu iliyobaki. Sindano ya ndani inakaa pale pale ya nje inazunguka.

Lile tuta tunalolikwepa kwenye fulana, kwenye pamba nyepesi ni pambo. Chukua 2.0/80, kaza tensheni ya juu kidogo, piga mistari sambamba kifuani kwa gauni la mtoto au blauzi, panatoka vikunjo vyembamba vilivyosimama. Vipige kabla hujakata kipande cha kifua, kwasababu vinakula upana wa kitambaa na ukikata kwanza gauni litabana.

Ikisumbua

Ikiruka mishono, karibu mara zote ni sindano: imechoka au sio ya Stretch. Badilisha kwanza ndo uguse kitu kingine. Ikiruka mstari mmoja tu na sindano ni mpya, angalia uzi wa upande huo umeingia kwenye kisahani chake cha tensheni. Ikikata uzi wa juu angalia vigunguli, kimoja kitakuwa kimekwama au nyuzi zimesokotana. Pindo likilia likivutwa, uzi wa bobini umebana, rudi kule kwenye kaskrubu. Sindano ikivunjika usiendelee mpaka umepata vipande vyote, kipande kikibaki ndani kwenye meno au kwenye shato (sehemu inayozunguka bobini na kukamata uzi wa juu) kinaenda kukwaruza chuma na baada ya hapo cherehani itakuwa inakata uzi kila siku bila sababu inayoonekana.

Na hii ni kwetu sisi wa pwani hasa: hewa ya chumvi ya hapa Tanga inashika kutu sindano upesi, na kutu kidogo tu kwenye ncha inatoboa fulana vitobo ambavyo vinaonekana baada ya kufua. Usiziache kwenye mto wa pini. Zifute kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, zirudishe kwenye kiboksi chake cha plastiki, na kabla ya kutumia tena uzifute zikauke na upigie kipande kibovu kwanza mafuta yaishe.

Ukimaliza kazi toa sindano pacha, rudisha ya kawaida, rudisha kaskrubu ka bobini kwenye alama ya peni, rudisha tensheni ya juu na mkandamizo wa mguu, na kile kitufe cha sindano mbili kizime. Hasa kama cherehani mnatumia wawili watatu, mwenzio akija asubuhi akabonyeza zigizaga pana bila kuangalia sindano ipi ipo, inavunjika mshono wa kwanza tu.